Aliyewauliza Nyuki

Mhariri wetu ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani. Wengi wakiombwa hivyo huandika juu ya watemi, majemadari na viongozi wa nchi, na hiyo ni haki yao, kwani sisi wa Tabora tumejaliwa kuwa na mtu kama Mtemi Mirambo. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakushika mkuki wala hakutawala hata kijiji kimoja. Alikuwa kasisi na mwalimu wa shule, tena mgonjwa wa mara kwa mara, na hakupata kutajirika. Hata hivyo kazi yake ipo nyuma ya bweni letu, na ipo katika nchi nyingi za dunia zinazofuga nyuki. Jina lake ni Lorenzo Lorraine Langstroth, na kazi yake ni mzinga wa fremu.

Kabla ya kueleza maisha yake sina budi kueleza jinsi nilivyomfahamu, maana nilimfahamu kwa kuumwa na nyuki.

Ipole yetu, kama wazazi wajuavyo, ni njia panda. Mtu atokaye Tabora na kupita Sikonge akifika hapa huchagua: akishika njia moja atakwenda Mpanda, akishika nyingine atakwenda Rungwa hata Mbeya. Pande zote ni misitu ya miyombo, na miyombo ikitoa maua nyuki hupata kazi. Zamani za misafara, watu wa nchi hii walisifiwa kwa kubeba mizigo mpaka pwani. Lakini si wote waliosafiri, na waliobaki walirina asali. Hata leo wengi wetu tumevaa sare na kununua madaftari kwa fedha ya asali. Mimi ni mmoja wao. Babu yangu ana mizinga ya magogo na ya magome zaidi ya 40, ameitundika juu ya miti, mbali na nyegere na moto wa nyika.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, chama chetu cha wafugaji nyuki kilitengeneza mzinga wake wa kwanza wa sanduku. Tulikuwa tumeona picha tu. Tulipata mbao za mninga, tukazipiga randa mpaka zikang'aa, tukazipaka rangi, na ndani tukaning'iniza fremu 10. Mzinga ulikuwa mzuri, na kila mgeni aliusifu. Tuliacha nafasi ya vidole viwili kati ya fremu na ukuta wa sanduku ili mikono yetu iingie kwa urahisi, na juu tuliacha fremu ziguse kifuniko ili mvua isipate pa kuingilia.

Baada ya miezi michache tulifungua. Kifuniko kilikuwa kimegandishwa kwa gundi ya nyuki kana kwamba kimepigwa misumari. Zile nafasi za vidole viwili zilikuwa zimejazwa masega yaliyoshikamanisha fremu na ukuta. Tulipovuta fremu ya kwanza masega yalikatika, asali ikamwagika, majana yakapondeka, na nyuki wakatoka kwa hasira. Watatu wetu tuliumwa vibaya, na siku chache baadaye kundi lote likahama. Babu yangu aliposikia hakunicheka. Alisema tu kwamba mizinga yake haina rangi lakini ina nyuki.

Neno hilo liliniuma kuliko nyuki wenyewe. Mwalimu mlezi wa chama akanipa kazi: nitafute ni nani aliyebuni mzinga ule, na alianzia wapi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Langstroth alizaliwa tarehe 25 Desemba 1810 katika mji wa Philadelphia, nchini Marekani. Tangu utoto wake alipenda mno kutazama wadudu. Alipiga magoti chini kuangalia chungu wakibeba mizigo yao, hata suruali zake zikatoboka magotini, na kwa kosa hilo aliadhibiwa. Watu wazima waliona kwamba kijana mwenye akili hapaswi kupoteza wakati kwa vitu vidogo namna ile. Basi akasoma kama walivyotaka. Alihitimu katika chuo cha Yale mwaka 1831, akafundisha hesabu huko, na mwaka 1836 akawa kasisi wa kanisa moja katika mji wa Andover, jimbo la Massachusetts.

Hapo ndipo shida yake ilipodhihirika. Alikuwa na maradhi ya huzuni kuu, ambayo siku hizi huitwa sonona. Maradhi hayo yalimjia kwa vipindi. Yakimshika hakuweza kuhubiri wala kufundisha, pengine kwa miezi mingi. Yakimwachia alikuwa mtu mchangamfu na mwenye bidii. Kwa sababu hiyo aliacha kazi ya kanisa zaidi ya mara moja, akaongoza shule ya wasichana, akarudi tena kanisani, akaacha tena. Alihitaji kazi ya nje, yenye hewa safi, ambayo ingeweza kumngoja anapougua.

Mwaka 1838 alimtembelea rafiki yake, akaona mezani chombo cha kioo kilichojaa masega ya asali. Akauliza yametoka wapi. Rafiki yake akampandisha darini kumwonyesha nyuki wake. Kabla ya kurudi nyumbani siku ile, Langstroth alikwisha kununua makundi mawili. Yule mtoto wa magoti yaliyotoboka alikuwa amerudi kwenye kazi yake ya kwanza.

Yafaa tujue ufugaji ulivyokuwa wakati huo. Huko Ulaya na Marekani nyuki waliwekwa katika vikapu vya majani makavu au masanduku ya kawaida, na masega yalishikamana na kuta. Mtu hakuweza kuona ndani. Hakujua kama malkia yu hai, kama kundi lina njaa, au kama nondo wameingia. Akitaka asali alikata na kubomoa, na wengi waliwaua nyuki kwa moshi wa salfa ili wachukue vyote. Kundi lililofanya kazi vizuri kuliko mengine ndilo lililouawa, kwa kuwa ndilo lenye asali nyingi.

Wenye hekima walikuwa wamejaribu kutafuta dawa ya jambo hilo. Huko Uswisi alikuwako François Huber, mtu kipofu, ambaye aliwachunguza nyuki kwa macho ya msaidizi wake, François Burnens. Alibuni mzinga uliofunguka kurasa kwa kurasa kama kitabu. Padre Jan Dzierzon wa Silesia alitengeneza mzinga wenye vijiti juu, na Daktari Edward Bevan wa Uingereza alitumia vijiti vya namna hiyo. Langstroth alisoma kazi za Huber na Bevan, akatengeneza mizinga yao, akaitumia. Alikuta kila mmoja una faida yake, lakini ule wa vijiti ulikuwa na shida ileile: nyuki waliunganisha masega na kuta za pembeni, na kila mara ilibidi mtu akate kwa kisu ndipo atoe.

Mwaka 1848 alirudi Philadelphia, akafungua shule ya wasichana, na nje ya mji akawa na nyuki wake. Huko alifanya badiliko dogo. Alichoshwa na kubandua kifuniko kilichogandishwa juu ya vijiti, basi akachimba mahali pa vijiti vile vikae chini kidogo, ikabaki nafasi nyembamba kati yake na kifuniko. Nafasi hiyo ilikuwa sehemu 3 kati ya 8 za inchi moja, yaani kiasi cha milimita 9 na nusu. Tangu siku hiyo kifuniko kiliinuka bila taabu. Nyuki hawakuijaza nafasi ile. Walipita humo tu, kama sisi tupitavyo katika ujia wa bweni.

Mtu mwingine angefurahi kwa kifuniko chake na kuishia hapo. Langstroth aliendelea kujiuliza kwa nini nyuki, ambao huziba kila ufa, wameiacha nafasi ile. Akaona kwamba wana kipimo chao. Nafasi ikiwa ndogo mno, chini ya milimita 6 hivi, wataiziba kwa gundi, kwa maana haipitiki. Ikizidi milimita 9 au 10 hivi, wataona ni nafasi ya bure, watajenga sega ndani yake. Ikiwa katikati ya vipimo hivyo, wataiacha kuwa njia yao. Kipimo hiki huitwa nafasi ya nyuki.

Hata mwisho wa Oktoba 1851, alipokuwa akirudi nyumbani jioni kutoka kwenye mizinga yake, wazo likamjia. Ikiwa nyuki huiacha nafasi ile juu, wataiacha pia pembeni na chini. Basi sega lijengwe ndani ya fremu yenye pande nne, na fremu hiyo ining'inie sandukuni bila kugusa ukuta popote, ila kwa masikio yake mawili ya juu, na kuizunguka kote iachwe nafasi ya nyuki. Hapo kila sega lingetoka zima na kurudishwa zima. Tarehe 30 Oktoba aliandika wazo hilo katika daftari lake.

Wasomaji, tutazame hapa namna yake ya kufanya kazi, maana hapa ndipo chama chetu kilipokosea. Sisi tuliuanza mzinga kwa kufikiri mikono yetu inataka nini, mvua inataka nini, na wageni watasifu nini. Langstroth alianza kwa yule atakayekaa ndani. Hakumlazimisha nyuki, wala hakushindana na tabia yake. Aliitafuta tabia hiyo, akaipima kwa rula, kisha akajenga sanduku kulifuata neno la nyuki. Ajabu ni kwamba kwa kumtii nyuki alimpatia binadamu kile alichokitaka tangu zamani, yaani kufungua mzinga bila kuubomoa.

Jambo la pili, hakudharau kazi za waliomtangulia wala hakujidai kuwa amezua kila kitu. Fremu zilikuwako kabla yake, na vijiti pia. Yeye aliviunganisha kwa kipimo kimoja kilicho sahihi.

Jambo la tatu, alipenda kitu chepesi na cha namna moja. Fremu zote zilikuwa sawa, hivyo fremu ya mzinga huu iliweza kuingia katika mzinga ule. Kundi dhaifu likapewa sega la majana kutoka kundi lenye nguvu. Kundi lenye njaa likapewa asali ya jirani. Kwa kazi ya mbao alikwenda kwa Henry Bourquin, seremala wa samani wa Philadelphia, aliyependa nyuki pia, na huyo ndiye aliyemtengenezea mizinga yake ya mwanzo. Kasisi alijua nyuki, seremala alijua mbao.

Tarehe 5 Oktoba 1852 alipewa hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake. Mwaka uliofuata, 1853, alitoa kitabu kikubwa juu ya mzinga na nyuki, akaeleza yote kwa lugha ambayo mkulima aliweza kuifuata. Hakuficha siri yake. Kitabu hicho kimechapishwa tena mara nyingi baada ya kusahihishwa na wengine, na wafugaji wanakitumia hata leo.

Sasa natamani ningeandika kwamba alitajirika, lakini sivyo. Mzinga wake ulikuwa rahisi kuigiza. Watu wengi waliutengeneza na kuuuza bila kumlipa, wengine wakabadilisha kidogo na kudai ni wao. Aliingia katika mashauri ya sheria yaliyokula fedha na nguvu zake, na hati ile haikumpa faida aliyoitumainia. Mwaka 1858 alihamia Oxford, katika jimbo la Ohio, na huko yeye na mwanawe walizalisha malkia wa nyuki wa Kiitalia na kuwauza. Mwanawe huyo alikufa mwaka 1870, na mkewe mwaka 1873. Ile huzuni yake ya zamani nayo haikumwacha. Ilipomshika hakuweza hata kuvumilia kuiona mizinga yake mwenyewe, na kitu alichokipenda kuliko vyote kikawa mateso kwake. Ilipopita aliamka, akaandika makala, akajibu barua za wafugaji, akaenda tena kwa nyuki.

Wakati huo kazi yake ilikuwa imekwisha kusafiri bila yeye. Kwa kuwa sega sasa lilitoka zima, wengine waliweza kubuni juu ya ubunifu wake. Mwaka 1857 Johannes Mehring wa Ujerumani alitengeneza karatasi za nta za kuwaanzishia nyuki sega ndani ya fremu. Mwaka 1865 Franz Hruschka, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Austria, alionyesha mashine ya kuzungusha masega ili asali itoke na sega lirudi kwa nyuki likiwa tupu. Nyuki hutumia asali nyingi kutengeneza nta, kwa hiyo kurudishiwa sega ni kurudishiwa kazi ya siku nyingi.

Langstroth alihamia Dayton, Ohio, mwaka 1887, akakaa na binti yake. Siku ya Jumapili, tarehe 6 Oktoba 1895, alisimama kanisani kuhubiri. Alikuwa na umri wa miaka 84. Alipokuwa ameanza tu kusema, nguvu zilimwishia, akafa palepale mbele ya watu. Amezikwa katika mji huohuo.

Hayo ndiyo maisha yake. Sasa nirudi Ipole, maana kazi niliyopewa haikuwa kusoma tu.

Tulivunja mzinga wetu mzuri, tukaanza upya. Tulichonga kijiti cha unene wa milimita 8, na kila mahali ambapo fremu ilikaribia ukuta, sakafu au kifuniko, kijiti hicho kilipaswa kupita bila kulazimishwa. Lakini lilibaki swali la umbali kati ya sega na sega. Vitabu vya Ulaya na Marekani huagiza milimita 35 kutoka katikati ya sega moja hata katikati ya lingine. Nusura tuandike hivyo ubaoni. Ndipo nilipokumbuka kwamba Langstroth aliwauliza nyuki wa kwao, si wa kwetu.

Nilimwomba babu ruhusa ya kufuatana naye kurina. Alikubali kwa sharti kwamba nisimchelewesheshe. Usiku ule alipanda mti, akafunga kamba, akaliteremsha gogo polepole, akafukiza moshi, akafungua mlango. Mle ndani hapakuwa na fremu wala kipimo cha mtu yeyote. Nyuki walikuwa wamejenga kwa hiari yao. Mwenzangu alishika tochi, mimi nikaingiza rula kati ya masega kabla babu hajakata. Nilipima mara tano. Masega yalikaa kwa umbali wa milimita 32 hivi, kwa sababu nyuki wetu wa Afrika ni wadogo kidogo kuliko wale wa Ulaya. Babu aliuliza ninaandika nini. Nikamweleza kwamba gogo lake linatufundisha. Hakujibu, lakini gogo la pili alilifungua taratibu zaidi, akaningoja nipime.

Msimu uliopita tulifungua mzinga wetu mpya, na babu alikuja. Kifuniko kiliinuka. Fremu ya kwanza ilitoka, na ya pili, na ya tatu, zima kabisa. Juu ya fremu ya nne, katikati ya majana, malkia alikuwa akitembea. Babu yangu amerina asali tangu ujana wake, na yeye mwenyewe aliniambia kwamba hakuwahi kumwona malkia akiwa hai kazini kwake. Alikuwa akimkuta amekufa kati ya masega yaliyokatwa, au hamkuti kabisa. Alimtazama muda mrefu, kisha akaniambia nimrudishe kabla hajapata baridi.

Sitadanganya kwamba babu ameteremsha magogo yake yote. Mbao na misumari ya sanduku moja hugharimu fedha ambayo gogo haliidai, na mizinga 40 ya sanduku hatuwezi kuimudu. Tena gogo lenyewe si la ujinga: aliyelibuni alijua nyuki hupenda mahali pa juu, penye giza na mlango mdogo. Lakini babu ameacha kubandua magome, kwa kuwa mti ukibanduliwa hufa, na mti huo ndio unaotoa maua. Mwaka huu ameniomba sanduku moja, nami nimemwahidi. Litakuwa bila rangi ndani, na kile kijiti cha milimita 8 kitapita pande zote.

Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tutatengeneza vitu: madawati, majiko, nyumba, na pengine sheria za watu. Tutashawishika kuanza na kile kitakachosifiwa na wageni. Wazee wetu walikwisha kusema, fuata nyuki ule asali. Kasisi Langstroth alimfuata akiwa amepiga magoti tangu utotoni, akamfuata hata katika miaka ya huzuni yake, na ijapokuwa asali nyingi imeliwa na wengine, njia aliyoipima bado nyuki wanaipita.